Mauzo Yamepanda, Wateja Wako Wapi?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wenye migahawa yenye matawi mengi na kwa wale wanaowapigia hesabu. Nimezifupisha na kuyaacha majina nje, maana kila mmoja ameniandikia mambo ya ndani ya biashara yake.

SWALI: Dada, shikamoo. Nilianza na migahawa minne, sasa ninayo saba. Mhasibu ameniletea taarifa ya mwaka: mauzo yamepanda kwa asilimia 30. Nilipaswa kufurahi, lakini nikiingia matawi ya zamani saa za mchana naona viti vitupu ambavyo sikuwahi kuviona. Wasimamizi wananiambia ni macho yangu tu. Niamini karatasi au macho? (Mwenye matawi saba)

JIBU: Marahaba. Amini macho, kisha rudi kwenye karatasi na uiulize swali jingine.

Hiyo asilimia 30 inalinganisha jumla ya matawi saba na jumla ya matawi manne. Tufanye hesabu nyepesi. Tuseme mwaka jana kila tawi liliingiza 100, hivyo manne yakaleta 400. Mwaka huu jumla ni 520, na ndiyo asilimia 30 yako hiyo. Sasa ichambue. Ikiwa matawi mapya matatu yameingiza 56 kila moja, hiyo ni 168. Zinazobaki ni 352, za matawi manne ya zamani, yaani 88 kwa kila tawi. Tawi lililokuwa likileta 100 sasa linaleta 88. Mhasibu wako hakukosea kujumlisha, na wewe hukukosea kuona: biashara imekua kwa asilimia 30 huku kila tawi la zamani likishuka kwa asilimia 12.

Ndiyo maana kampuni kubwa za migahawa hutoa namba mbili: mauzo ya jumla, na mauzo ya matawi yaleyale. Chipotle ya Marekani huanza kuliweka tawi kwenye hesabu hiyo ya pili linapoingia mwezi wake kamili wa 13. McDonald's na Starbucks nazo huanzia miezi 13. Sababu ni rahisi. Tawi lisilotimiza mwaka halina mwezi wake wa mwaka jana wa kulinganisha nao, na wiki zake za mwanzo hujaa watu waliokuja kuona tu.

Mwaka 2015 mapato ya jumla ya Chipotle yalipanda kwa asilimia 9.6. Ukiishia hapo utasema mwaka ulikuwa mzuri. Lakini mauzo ya matawi yaleyale kwa mwaka mzima yalipanda kwa asilimia 0.2 tu, na katika robo ya mwisho, baada ya habari za wateja kuugua kwa bakteria wa E. coli kusambaa, yalianguka kwa asilimia 14.6. Robo iliyofuata, mwanzoni mwa 2016, yalishuka kwa asilimia 29.7. Matawi mapya, ambayo hayakuwa bado kwenye hesabu ya matawi yaleyale, yalikuwa yameubeba mwaka mzima wa 2015 mabegani.

Usiishie hapo, kaka yangu. Mauzo ya tawi ni idadi ya bili mara wastani wa bili moja, na mashine yako ya risiti inazijua zote mbili. Chukua ile 88 yako. Inaweza kuwa bili zimepungua kwa asilimia 20 na wastani wa bili umepanda kwa asilimia 10: 0.8 mara 1.1 ni 0.88. Kama mwaka huu ulipandisha bei kwa asilimia 10, basi kupanda kote kwa wastani ni bei yako mwenyewe. Hakuna mteja aliyeongeza hata kinywaji kimoja. Katika kila bili tano za zamani, moja imepotea. Kama bei ingebaki ilipokuwa, ungeliona pengo hilo siku nyingi. Bei mpya ndiyo iliyolifunika.

Baada ya hapo uliza waliopotea wamekwenda wapi. Chora grafu ya bili za kila wiki kwa kila tawi la zamani, kisha weka mstari kwenye wiki tawi jipya la jirani lilipofunguliwa. Ikiwa mteremko unaanzia kwenye mstari huo, umegawana wateja na wewe mwenyewe. Ikiwa ulianza miezi kadhaa kabla, kuna jambo ndani ya tawi, au kuna mshindani. Tangu miaka ya 1960 wapimaji wa masoko wamekuwa wakitumia kanuni ya David Huff wa Marekani: uwezekano wa mtu kuchagua sehemu fulani hupanda kadiri sehemu hiyo inavyovutia na hushuka kadiri safari inavyorefuka, na uwezekano huo hugawanywa kati ya sehemu zote alizonazo karibu. Tawi lako jipya limo kwenye mgawanyo huo huo. Haliulizi mteja ni wa nani.

Starbucks iliyapitia hayo kwa uchungu. Julai 2008 ilitangaza kufunga takriban matawi 600 nchini Marekani, na mengi kati yake yalikuwa yamefunguliwa miaka michache tu kabla ya hapo. Nakusihi usifungue la nane kabla ya kuichora grafu hiyo.

Na ulinganishe siku na siku. Mwezi wenye Jumamosi tano ukiwekwa karibu na wenye Jumamosi nne utakupa ukuaji ambao haupo. Februari 2024 ilikuwa na siku 29, kwa hiyo Februari 2025 ilianza ikiwa nyuma kwa siku nzima, zaidi ya asilimia 3. Ukiugawa mwaka katika vipindi 13 vya wiki nne nne, kila kipindi kina Jumamosi nne na tatizo hilo linakwisha karibu lote.

SWALI: Habari za kazi, dada. Tawi letu kubwa linajaa kila jioni, watu wanasimama mlangoni, lakini mapato yake yanapitwa na tawi dogo lenye viti vichache. Bosi anasema tuongeze meza. Mimi nahisi tatizo si meza ila sina namba za kumwonyesha. (Msimamizi wa zamu)

JIBU: Nzuri, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu hapo mlangoni unaposimama wewe ndipo mimi nilipoanzia kazi hii ya kuhesabu wateja.

Kwanza namba ya kumpa bosi. Sheryl Kimes wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake waliieleza mwaka 1998: mapato kwa kila saa ya kiti. Viti 60, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, ni saa za kiti 180. Kama jioni hiyo mmeingiza 900, kila saa ya kiti imeleta 5. Fanya hivyo kwa tawi dogo pia. Likiwa linaleta 8, bosi ataelewa kwamba kuongeza meza ni kuongeza viti vya 5.

Kisha tafuta kwa nini ni 5. Hili mashine haitakuambia, kwa sababu mashine inamjua mteja anapoagiza na anapolipa tu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusimama mlangoni na kile kidude cha kuhesabia unachobonyeza kwa dole gumba, daftari kwapani. Kwa kila meza niliandika nyakati sita: kuketi, kuagiza, chakula kufika, sahani kuwa tupu, mteja kuomba bili, kuondoka. Baada ya jioni chache niliona jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelisema kwenye vikao. Meza moja ya dirishani naikumbuka mpaka leo. Baba, mama na mtoto. Waliketi saa 1:05, wakaagiza 1:14, chakula kikafika 1:31, sahani zikawa tupu 1:58. Mtoto akalala begani kwa mama. Saa 2:03 baba akanyanyua mkono. Akanyanyua tena. Wakaondoka saa 2:21. Dakika 23 kati ya 76 walikaa mbele ya sahani tupu, na dakika 18 za mwisho walikuwa wameshataka kuondoka. Nje palikuwa na foleni. Ofisini tulikuwa tukiandika kwamba wateja wetu wanapenda kukaa.

Lisikilize hilo, mdogo wangu. Tulikuwa tumeita mapenzi kile kilichokuwa kusubiri. Ukipima tabia ya mteja bila kumtazama, utampa sababu zako.

Hesabu ya foleni nayo ni ya kuaminika: watu walio ndani ni sawa na wanaoingia kwa saa mara muda wanaokaa. Mtafiti wa Marekani, John Little, aliithibitisha mwaka 1961. Makundi 20 kwa saa, kila moja likikaa saa moja na robo, yanahitaji meza 25. Mkiwahisha bili, kila kundi likakaa saa moja, makundi yaleyale 20 yanatosha kwenye meza 20. Bosi anayetaka kuongeza meza tano angezipata bila kununua hata kiti.

Hesabu pia watu kwa kila meza. Meza za wanne zilizokaliwa na wawili hufanya ukumbi uonekane umejaa huku nusu ya viti haina mtu. Hilo hutibiwa kwa kuleta meza za wawili zinazoweza kuunganishwa. Kuwaharakisha watu wanaokula ni kosa, na nakuomba usilikubali hata ukiamriwa: muda wa kutafuna ni wa mteja, muda wa kusubiri ni wenu.

SWALI: Kampuni yetu imenunua ripoti ya data za simu inayoonyesha watu wangapi wanatembelea kila mgahawa. Inasema mshindani wetu anatuzidi kwa asilimia 40. Mkurugenzi amechanganyikiwa. Je, data hizi ni za kweli? (Mchambuzi)

JIBU: Ni za kweli kwa kile zinachopima, na ni lazima mjue ni kipi.

Ripoti za namna hiyo hutokana na sampuli ya simu ambazo programu zake hutuma mahali simu ilipo. Hakuna anayeziona simu zote. Mtoa ripoti huchora mpaka kuzunguka jengo, akahesabu simu zilizokaa ndani ya mpaka kwa muda fulani, kisha akazidisha ili zifanane na watu wote. Kila hatua ina mlango wa kosa. GPS hupotea kwa mita kadhaa, na ndani ya majengo ya ghorofa haijui vizuri uko juu au chini, kwa hiyo mgahawa ulio chini ya ofisi unaweza kuhesabiwa watu wa ofisi. Aliyekaa dakika tatu kuchukua oda ya kubeba anaweza kuachwa. Aliyeletewa chakula nyumbani hakanyagi mpaka kabisa. Mhudumu anayeingia kila siku huonekana kama mteja mwaminifu kuliko wote, asipochujwa. Na watu wakizima ruhusa ya mahali kwenye simu zao, sampuli inapungua, na kwenye grafu inaonekana kama wateja wamepungua.

Mna kitu ambacho mtoa ripoti hana: risiti zenu. Weka idadi yake ya matembezi ya matawi yenu karibu na idadi ya bili zenu, wiki kwa wiki, kwa mwaka mzima. Zikipanda na kushuka pamoja, unaweza kumwamini kwa mwelekeo. Zisipofuatana kwa matawi yenu ambayo ukweli wake mnaujua, hakuna sababu ya kumwamini kwa mshindani. Hata zikifuatana, linganisha mwelekeo na uache ukubwa: mshindani anapanda au anashuka kuliko sisi? Ile asilimia 40 ningeiweka pembeni. Inawezekana ana eneo pana la kuegesha magari lililoingia ndani ya mpaka.

Ukitaka kuona nguvu ya kuhesabu kwa macho, soma habari za Luckin Coffee ya China. Januari 2020 Muddy Waters, kampuni ya wawekezaji, ilichapisha ripoti iliyosema imeipokea kutoka kwa mwandishi asiyetajwa. Ripoti ilieleza kwamba watu zaidi ya 1,500, wengi wao wa muda, walitumwa kwenye matawi kuhesabu wateja. Walirekodi saa 11,260 za video na kukusanya risiti 25,843. Namba za oda kwenye risiti zilikuwa zikiruka ndani ya siku moja, hivyo aliyesoma namba ya mwisho ya jioni angeamini tawi limehudumia watu wengi kuliko waliopita mlangoni. Aprili 2 mwaka huohuo Luckin ilikiri kwamba mauzo ya takriban yuan bilioni 2.2 yalikuwa ya kubuni, na Desemba ikakubali kulipa faini ya dola milioni 180 nchini Marekani. Miezi miwili kabla ya kukiri, wateja waliohesabiwa mmoja mmoja na risiti zilizokusanywa zilikuwa zimeshaonyesha kwamba namba hazikai sawa.

Wewe huhitaji watu 1,500. Wanne, wiki moja, saa za mchana na jioni, mbele ya matawi matatu ya mshindani na matatu yenu. Wasimame sehemu ya wazi, wahesabu vichwa tu, wasimpige picha mtu yeyote.

SWALI: Dada, wateja wenye kadi yetu ya pointi wanatumia mara mbili ya wasio nayo. Nimeomba bajeti ya kumpa kila mteja kadi. Mwenye fedha amegoma. Nimweleze nini? (Afisa masoko)

JIBU: Mdogo wangu, kwa hili nasimama upande wa mwenye fedha.

Nani huchukua kadi? Yule ambaye tayari anakuja kila wiki. Anayepita mara moja kwa mwaka haoni faida ya kujaza fomu. Kwa hiyo huenda wenye kadi walikuwa wakitumia mara mbili hata kabla ya kadi, na ukimpa yule wa mara moja kwa mwaka, utakuwa umeongeza kadi pochini mwake na si ziara.

Kipimo cha haki ni kuwagawa kwa bahati nasibu. Chukua wanachama 10,000, 9,000 wapelekee ofa, 1,000 usiwapelekee chochote, wateuliwe kwa kura na si kwa hiari ya msimamizi. Baada ya wiki nane linganisha matumizi kwa kila kichwa. Tofauti hiyo, ukitoa gharama ya ofa, ndiyo kazi ya ofa za kadi. Ni kawaida kukuta watu wengi walioitumia ofa wangekuja hivyo hivyo, na umewapunguzia bei bure. Inauma, lakini ni bora uijue kwenye watu 10,000 kuliko kwenye wote.

Kuna kipimo kingine ningependa ukipende zaidi ya wastani. Wachukue wote waliotumia kadi kwa mara ya kwanza mwezi Machi. Wangapi kati yao walirudi ndani ya siku 60? Kisha wa Aprili, wa Mei, kila kundi peke yake. Wastani wa wateja wote hukaa kimya hata pale wapya wanapoacha kurudi, kwa kuwa wazee wa kadi wanaushikilia. Mstari wa wanaorudi kwa mara ya pili ndio utakaokuambia mapema kwamba jikoni au kaunta kuna jambo.

Na usiwadharau wanaokuja mara chache. Andrew Ehrenberg wa Uingereza na wenzake walipima ununuzi wa bidhaa nyingi kwa miaka mingi na kukuta mfano unaojirudia: jina dogo lina wanunuzi wachache, na hao wachache nao hununua mara chache kidogo. Jina kubwa hukua hasa kwa kuongeza vichwa, wengi wao wa mara mojamoja. Sehemu ya ile bajeti ya kadi ningeipeleka kwa mtu ambaye hajawahi kufungua mlango wenu.

SWALI: Tunawauliza wateja watupe alama 0 hadi 10 kama wangetupendekeza kwa rafiki. Tunapata alama nzuri, mauzo yanashuka. Tuulize nini? (Timu ya huduma)

JIBU: Swali hilo lilienezwa na Fred Reichheld, mshauri wa biashara wa Marekani, mwaka 2003, na alama yake ni hii: asilimia ya waliotoa 9 na 10, ukitoa asilimia ya waliotoa 0 hadi 6. Halina kosa, ila wanaolijibu ni waliobaki. Aliyeondoka mwezi wa tano hamumuulizi.

Ongezeni swali moja, liulizwe kwa mdomo na mtu mwenye subira, mteja akiwa bado ameketi: “Leo ungetukuta tumefunga, ungekwenda wapi?” Andikeni jibu kwa maneno yake. Mkisikia jina la mgahawa mwingine, mmempata mshindani wenu halisi, na mara nyingi si yule aliye kwenye ripoti zenu. Mkisikia “ningekula nyumbani,” mnashindana na jiko lake, na hapo bei na muda ndivyo vya kutazamwa. Mkisikia kimya kirefu kabla ya jibu, andikeni kwamba alinyamaza.

Nitumieni majibu 100 ya mwanzo, bila majina ya watu. Ningependa kuyasoma pamoja nanyi toleo lijalo.